Ombi la Kuruhusiwa Kuburuta Mkia

Chuo cha Mill Prairie,
Idara ya Michezo (chumba cha chini, karibu na mashine za kufulia),
Iowa.
Alhamisi, 30 Oktoba.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,
Dkt. Rosalind Averill.

Mheshimiwa,

YAH: TIMU YA WANAWAKE YA MBIO ZA NYIKA KUOMBA KIBALI CHA KUSHINDWA

Kichwa cha barua hapo juu sikukosea kukiandika. Nimekisoma mara tatu, na nimekunywa kahawa vikombe viwili, kwa hiyo akili zangu ni timamu.

Mimi ni Marlys Teunissen, kocha wa mbio za nyika hapa chuoni, na huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja. Katika miaka yote hiyo sijawahi kukuletea lalamiko, wewe wala wakuu wanne waliokutangulia. Dari la chumba changu likivuja, natega ndoo. Ndoo ikijaa, namwagilia maua. Lakini Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe saba, Bodi ya Wadhamini itapiga kura ya kuifuta timu moja ya michezo, ile iliyofanya vibaya kuliko zote kwa mujibu wa takwimu. Nimearifiwa kwamba timu hiyo ni yangu. Nina wasichana saba na nawapenda wote, kwa hiyo safari hii ndoo haitoshi. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nitaanza na malalamiko lakini nitamaliza kwa kukubaliana nanyi kabisa.

1. Kuhusu skrini. Mwezi Agosti Mkurugenzi wetu mpya wa Michezo, Bwana Trent Klemme, aliyetoka kwenye biashara ya chakula cha mbwa, alitundika skrini kubwa juu ya mlango wa ukumbi wa mazoezi. Kila timu ina mstari wake. Namba zinaingia, kompyuta inapiga hesabu, kisha mstari unakuwa kijani, njano au mwekundu. Kijani ni timu ya kusifiwa, njano ni ya kuonywa, nyekundu ni ya kufutwa. Sina ugomvi na hesabu, Mheshimiwa. Mimi mwenyewe natembea na saa ya kupimia mbio shingoni, hata kanisani, na mchungaji anajua kwamba mahubiri yake ya Pasaka yalichukua dakika thelathini na nane na sekunde kumi na moja. Lalamiko langu hapa ni dogo tu: skrini imewekwa mahali palipokuwa na saa ya ukutani, na sasa hakuna anayejua ni saa ngapi.

2. Kuhusu alama. Hapa ndipo penyewe. Kwenye mbio za nyika, mkimbiaji wa kwanza anapata alama moja, wa pili mbili, wa tatu tatu, na kuendelea hivyo mpaka yule wa mwisho anayefika akitapika. Unajumlisha alama za watano wa kwanza wa kila timu. Timu yenye alama chache ndiyo imeshinda. Si mimi niliyeipanga kanuni hii, niliikuta nilipozaliwa.

Tarehe 20 Septemba, kwenye viwanja vya maonyesho ya wilaya, wasichana wangu watano walifika wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano. Moja, mbili, tatu, nne na tano jumla yake ni kumi na tano. Chini ya hapo haiwezekani hata ukisajili malaika. Hiyo kumi na tano nimeisubiri tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nililia mbele za watu, na mimi si mtu wa kulia. Kwetu hata tukifiwa tunapika viazi vya tanuri na kuuliza nani kaleta vijiko.

Jumatatu nikakuta mstari wetu mwekundu kama nyanya. Timu ya mpira wa Kimarekani, iliyochapwa 52 kwa 20 Jumamosi hiyohiyo, ilikuwa njano, kwa kuwa ishirini ni nyingi kuliko kumi na tano.

Nilikwenda kwa Bwana Klemme. Alinipokea vizuri, akanipa peremende.

"Kocha Marlys, mbona umenuna? Ila na wewe, kumi na tano tu jamani! Wenzako wanaleta mia, mia mbili."

Nikamweleza kanuni, taratibu, kama ninavyomweleza mzazi mgeni.

"Kocha, nakuheshimu sana," akasema. "Lakini nimefanya kazi na namba miaka mingi, na timu inayoshindwa haikosi maelezo."

Nikampa kitabu cha kanuni. Akakifungua, akakifunga, akanirudishia kwa upole. "Hiki ni kitabu, kocha. Mimi naongelea data."

Nikaondoka na peremende yangu.

3. Kuhusu gofu. Mheshimiwa, huenda unajua kwamba kwenye gofu pia mshindi ni aliyepiga mpira mara chache. Timu yetu ya gofu, chini ya Bwana Duane Schipper, ambaye ni jirani yangu na mtu mwema sana, ilipiga mipigo 412 kwenye mashindano ya Oktoba, siku ambayo washindi walipiga 298. Mipira kumi na saba ilizama bwawani. Leo gofu ndiyo timu ya kijani kuliko zote chuoni. Picha ya Duane imetundikwa chini ya skrini, akiwa ameshika fimbo upande usio wake.

Nilimwomba aende nami kwa Bwana Klemme, tukaeleze wote wawili. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Dada Marlys, nakusihi, usinichomee. Miaka kumi na tisa nimeburuta mkia, hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia makofi. Sasa hivi mke wangu ameanza kunisikiliza nikiongea!"

Nilimwonea huruma, nikaliacha jambo hilo. Siku hizi kijana wa timu yake akikaribia shimo, Duane anamwita arudi nyuma akajaribu tena.

4. Kuhusu watazamaji. Njia yetu ya mbio inazunguka shamba la mahindi la Bwana Verlyn Hoekema, na mahindi hayakati tiketi. Ili tusionewe, Bwana Klemme alifunga kamera ya kuhesabu vichwa kwenye uzio. Siku ya mbio ikahesabu vichwa 140. Nilipoona hivyo nilitafuta ukweli, kwa sababu nilikuwepo na tulikuwa wazazi ishirini na wawili pamoja na mchungaji. Vilivyobaki vilikuwa ng'ombe wa Verlyn. Nikatoa taarifa, kama mtumishi mwaminifu.

"Hao ng'ombe walikaa mpaka mwisho?" Bwana Klemme akauliza.

Nikasema ndiyo, na wawili walisogea karibu na mstari.

"Basi wamehesabika. Mashabiki wa mpira wanaondoka nusu ya kwanza."

Hilo ndilo eneo pekee tulilopata njano mwaka huu. Sitaki kuwavunjia heshima ng'ombe, lakini naona niseme ukweli.

5. Kuhusu muda. Kuna safu inayoitwa "dakika za ushiriki". Mkimbiaji wangu hodari, Tessa Vander Ploeg, anamaliza kilomita sita kwa dakika ishirini na mbili. Skrini imeandika kwamba ushiriki wake ni hafifu. Mkimbiaji mwingine wa chuo jirani alipotea kwenye mahindi yale ya Verlyn kwa saa moja na robo, wakamtafuta kwa trekta. Kwa kipimo hiki, huyo ndiye mwanamichezo tunayepaswa kumsajili.

6. Lalamiko hili halimo kwenye skrini, na ndiyo sababu ni lalamiko. Ninaye Brynn Oldenkamp, mwaka wa nne, mkimbiaji wangu wa saba. Wanaohesabiwa ni watano. Kwa miaka minne Brynn hajawahi kuiletea timu alama hata moja, nzuri wala mbaya. Anaamka mapema, analisha nguruwe wa baba yake, anaendesha gari dakika arobaini, na saa kumi na mbili asubuhi yupo uwanjani amefunga kamba za viatu. Nilimuuliza mwaka wa pili kwa nini haachi. Akasema, "Kocha, pale nyumbani kila mtu ana kitu anataka kwangu. Huku mnataka nikimbie tu." Kwenye skrini jina lake lina kistari. Hakuna rangi. Siku ya kwanza alipokiona kistari hicho alicheka, halafu akaenda kukaa kwenye gari lake kidogo. Jambo hilo liliniudhi kuliko mengine yote, na mpaka leo linaniudhi.

Baada ya malalamiko hayo, Mheshimiwa, nimeketi nikatafakari, na nimeona kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wakimbie mbele. Kwa hiyo naleta ombi lifuatalo, na naomba likubaliwe kabla ya Ijumaa ili Bodi iahirishe kura yake na kutupa nafasi ya kujirekebisha.

Kwanza, naomba kibali cha kushika nafasi ya mwisho. Jumamosi hii ni mbio za ubingwa wa jumuiya yetu. Vyuo ni vinane, kila kimoja kina wakimbiaji saba, jumla hamsini na sita. Wasichana wangu saba wakifika baada ya watu wote, watano wao wa mwanzo watashika nafasi ya 50, 51, 52, 53 na 54. Nimejumlisha kwa penseli kisha kwa kalamu: mia mbili na sitini. Hakuna timu yoyote ya chuo hiki iliyowahi kuleta alama mia mbili na sitini kwa siku moja, ukiondoa Duane. Tutakuwa kijani.

Pili, nimeshabadilisha mazoezi. Wiki mbili sasa tunakula kwanza, halafu tunakimbia. Kila asubuhi ni supu nzito ya maharage na nyama pamoja na mkate wa mdalasini, vipande viwili viwili, kisha mlima. Matokeo yanatia moyo. Juzi Tessa alisimama katikati ya njia akatazama ndege.

Tatu, mwakani nitasajili kwa kufuata data. Nimeandikia shule za sekondari nikiomba majina ya wasichana wanaochelewa vipindi.

Nne, nikiwa mtumishi ninayekipenda chuo, naona si haki faida hii ibaki kwa michezo peke yake. Zahanati yetu ipimwe kwa nyuzi za homa: muuguzi atakayeleta mgonjwa wa arobaini apewe kijani, wa thelathini na saba aonywe. Jiko la chuo mwaka jana liliumiza matumbo ya wanafunzi sitini na wanne kwa chakula kimoja cha mchana. Nani mwingine ana namba kama hiyo? Mpishi alihamishwa, wakati alistahili picha ukutani. Idara ya kemia iliita gari la zimamoto mara tatu, na historia haijaita hata mara moja, kwa hiyo tunajua nani wa kufutwa. Na ofisi yako, Mheshimiwa, isiachwe nyuma: nimehesabu barua za malalamiko zinazokufikia na nadhani uko vizuri. Pokea hii kama mchango wangu.

Tano, naahidi kwa maandishi. Mimi, Marlys Teunissen, nitasimama pembeni ya mstari wa mwisho Jumamosi na kuhakikisha hakuna msichana wangu atakayeshinda. Nimewaambia jana. Tessa akasema, "Sawa, kocha," kwa sauti ambayo sikuipenda, lakini sawa ni sawa. Kama kuburuta mkia ndiko kutakakowaweka hawa saba pamoja, basi tutauburuta kwa adabu na nidhamu, na jezi zitakuwa zimefuliwa.

Nakushukuru kwa muda wako, ambao kwenye skrini utahesabika. Nisalimie mumeo na yule mbwa wenu mzee wa jicho moja. Msalimie Bibi Arlene wa mapokezi, mwambie bakuli lake liko kwangu na nimelisafisha. Wasalimie wajumbe wa Bodi wote, hata yule anayelala. Bwana Klemme nitamsalimia mwenyewe, tunakutana mlangoni kila asubuhi tukiulizana saa.

Ni mimi niliyekuwa mshindi na sasa nimetubu,

Marlys Teunissen
Kocha, Mbio za Nyika (Wanawake)

Nyongeza, Jumamosi jioni.

Mheshimiwa, barua hii ilibaki ndani ya gari kwa sababu jana Bibi Arlene alifunga mapema. Imebidi nifungue bahasha.

Leo bastola ya kuanzisha mbio ililia na hakuna aliyekimbia. Msimamizi alidhani hawakusikia, akapiga tena. Wakaanza kutembea, wote hamsini na sita. Mwendo wa mazishi. Kwenye kilomita ya kwanza msichana mmoja wa chuo cha mtoni aliinama kufunga kamba, na papo hapo wakainama wengine hamsini na watano. Nilimtazama kocha wao, Eugene Pruitt, na yeye akatazama chini.

"Eugene," nikamwambia, "usiniambie na nyinyi mmenunua ile skrini."

"Tumenunua wote, Marlys. Vyuo vyote vinane. Wauzaji walitupatia na vikombe vya kahawa."

Basi kila kocha alikuwa amekuja na ombi kama langu mfukoni. Kufika mita kumi kabla ya mstari wa mwisho, saa mbili baadaye, wakasimama. Mvua ya barafu ikaanza. Wanawake hamsini na sita wenye miguu ya kushinda walisimama pale wakitetemeka, wakikaribishana kwa heshima: "Tangulia wewe." "Aa, mimi sina haraka, tangulia wewe." "Wewe ni mgeni bwana, pita." Wazazi walikuwa wanapiga kelele. Baba yake Brynn, mtu ambaye hajasema maneno kumi tangu nimfahamu, alikuwa amepanda juu ya gari lake.

Brynn alikuwa mbele, kwa sababu hakuna aliyejali asimame wapi. Aligeuka akanitazama. Midomo ilikuwa ya bluu. "Kocha," akasema, "miaka minne sijawahi kuwa mbele ya mtu."

Kazi yangu ilikuwa kutikisa kichwa. Nilikuwa nimekuahidi kwa maandishi. Sauti iliyopaza "Kimbia!" mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka ilikuwa yangu, Mheshimiwa, na sitamsingizia mtu.

Alikimbia. Wenzake wanne wakamfuata kabla vyuo vingine havijajua kinachoendelea, kisha wote waliobaki wakaporomoka nyuma yao wakicheka na kulia. Brynn Oldenkamp ndiye bingwa wa jumuiya, kwa muda wa saa mbili, dakika kumi na mbili na sekunde nne, ambao nadhani ni mbaya kuliko wote katika historia ya mchezo huu. Baba yake alianguka kutoka juu ya gari lakini hakuumia. Sisi tuna alama kumi na tano.

Kwa hiyo naomba uisome barua hii yote kisha usiifuate. Ahadi ya tano nimeivunja, na yale maombi manne ya kwanza siyahitaji tena. Siwezi kuwafundisha kushindwa. Nimejitahidi wiki mbili nzima na sina kipaji hicho. Ijumaa tutakuwa wekundu kuliko wakati wowote, na Bodi ifanye inavyoona. Ila wasichana wameniuliza mazoezi ya Jumatatu ni saa ngapi, na nimewaambia saa kumi na mbili asubuhi kama siku zote. Kura ikipita, tuma mtu atuambie, lakini aje na viatu vya kukimbilia, kwa sababu atatukuta tumeshaondoka.

M.T.